Takataka za Dar es Salaam, na kontra tunayotaka Bunia

Wandugu, kila tukipiga salongo tunasafisha mifereji, tunarundika uchafu kando ya barabara, na kisha ya wiki mbili sashe ziko tena ndani ya Nyamukau. Hapo njo mtu anasema: "Leta iwape watu binafsi hii kazi, itaisha." Siko kinyume. Ila kuna mji mkubwa wa Waswahili wenzetu ulioingia njia hiyo miaka 30 iliyopita, na tukiijua historia yake tutasoma kontra kwa macho mengine.

Kule Dar es Salaam mambo hayakuanzia ofisini, yalianzia kortini. Jiji lilikuwa linamwaga taka Tabata, karibu na nyumba za watu. Moto, moshi, nzi, harufu. Wakaaji wakashitaki Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki: Jiji liache kumwaga pale. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena (sisi Wakongomani tunajua huo mchezo). Baadaye likajaribu Kunduchi Mtongani. Watu wa kule nao wakaenda kortini, na mwaka 1991 wakashinda. Mwishowe kamio zikaelekea Vingunguti, ambako pia watu walikuwa wanakaa.

Wakati huo Jiji lilikuwa linabeba chini ya 10 kwa 100 ya taka za kila siku. Kamio nyingi zilikuwa zimekufa, vipuri hakuna. Mwaka 1992 wafadhili wakasaidia usafi wa dharura, na mwaka 1994 Jiji likachukua hatua mpya: kata za katikati ya mji zikapewa kampuni moja ya binafsi, Multinet. Mpango ulikuwa rahisi kwa karatasi. Kampuni inabeba, watu wa maduka na nyumba wanailipa.

Hawakulipa. Si wote, lakini wengi. Fikiria mtu aliyezoea tangu utoto kwamba takataka ni kazi ya serkali. Leo kijana anabisha mlango na risiti mkononi. Na kampuni isipopata franka hainunui mafuta, kamio haifiki, na yule aliyekataa kulipa anasema, "Unaona? Nilipe nini?" Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kwangu mimi hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko mambo ya kamio: Jiji lilitoa kazi, lakini halikutoa nguvu ya kukusanya malipo.

Mwaka 1996 serkali ikavunja halmashauri ya Jiji, ikaweka Tume ya Jiji. Kazi ya taka ikagawanywa kwa kampuni nyingi ndogo na vikundi vya mitaa, vingi vya wamama na vijana, na Shirika la Kazi Duniani (lile tunaloita BIT) likasaidia kuvipanga. Mkokoteni uliingia pale kamio haingii. Na anayekuja kudai malipo alikuwa jirani, mtu unayekutana naye kisimani. Kumdanganya jirani ni vigumu. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000, sehemu iliyobebwa ilikuwa imepanda karibu 40 kwa 100. Si muujiza, ila kutoka chini ya 10 ni mbali sana.

Sasa sikilizeni vizuri. Kubeba taka si kuzitumikisha tena. Kontra zile zililipa mtu aondoe uchafu mtaani na kuupeleka dampo, basi. Chuma na plastiki viliokotwa na watu maskini ambao hawakuandikwa popote. Na maganda, majani, mabaki ya chakula, ambayo katika miji yetu yanapita nusu ya taka zote, yalioza chini bila faida kwa mtu. Kampala walifuata njia ya namna hiyo: kampuni zikagawiwa mitaa, zote zikipeleka Kiteezi, dampo lililofunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024, kisha ya mvua kubwa, ule mlima uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya 30 walikufa. Kiteezi si mbali na sisi, ni ng'ambo ya Ziwa Albert tu.

Mimi ni mtu wa kilimo, kwa hiyo nitawarudisha Dar kidogo. Manispaa ya Kinondoni ilishirikiana na mji wa Hamburg, Ujerumani, wakajenga kiwanda cha komposti Mabwepande, kinachotumia taka za masoko. Kwa nini masoko? Taka ya nyumbani inakuja imechanganyika na chupa, betri na sashe, na komposti yenye vioo hakuna mkulima atanunua. Ya sokoni ni safi zaidi: kabichi iliyooza, maganda ya ndizi, majani. Ukiirundika, ukaigeuza ipate hewa, inapanda joto lenyewe mpaka mbegu za magugu na wadudu wengi wa magonjwa wanakufa. Kisha ya miezi michache ni udongo mweusi.

Kwetu Kongo karatasi ziko. Dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza sashe za plastiki, na sheria ya ubia kati ya Leta na watu binafsi ilitoka tarehe 9 Julai 2018. Sashe mnaziona wenyewe sokoni. Hiyo sheria ya pili njo itatumiwa siku mji utakapotafuta kampuni, na vijana tuombe kuisoma kontra mbele ya kusainiwa: inalipa kwa safari ya kamio peke yake, au pia kwa kile ambacho hakikufika dampo?

Ningeanzia soko, si mitaa. Pale taka ya komposti iko mahali pamoja, na walimaji wa mboga wanaohitaji mbolea wanafika pale pale kuuza. Tena mama anayeuza lengalenga anatoa tayari kodi ya etalaji. Sehemu ya hiyo franka ikiandikwa ndani ya kontra kwa ajili ya kuchambua na kugeuza komposti, hakuna atakayebisha mlango kwa mlango na risiti kama Multinet mwaka 1994.