Ngano Yenye Kuitikiwa

Msomaji wa pwani aliyelelewa kwa paukwa na pakawa hatakuwa mgeni jioni katika nyumba ya Mhaya, Bukoba au Muleba. Huko nako mtambaji hana ruhusa ya kwenda mbele kabla hajaitikiwa. Akisema kwamba alifika akaona jambo, wasikilizaji humtaka aone ili nao wapate kuona. Na Peter Seitel, Mmarekani aliyezikusanya ngano hizo, aliufanya mwitikio huo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Enanga, utendi uimbwao kwa ala ya nyuzi yenye umbo la kihori, ambao M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Bukoba, aliuandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1986, ulikuwa zaidi wa wakubwa. Darasa la mtoto lilikuwa ngano.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Uliitwa Juliana, kama kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka kutoka Uganda, na fumbo hilo liliwatosha watu wazima. Mtoto halikumtosha. Alimwona mama akikonda, akamchotea maji, akamfulia mashuka, na siku ya maziko akaambiwa akacheze. Kizazi cha kati kilipopukutika, bibi na mjukuu walibaki wakitazamana katika kibanja cha migomba, kila mmoja akimficha mwenzake lile alilokuwa analijua.

Miaka hiyo hiyo njia nyingine ya kusema ilikuwa inatafutwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao waliipeleka sanaa ya maonyesho vijijini, kama Malya mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980: wanakijiji walilichunguza tatizo lao, wakalitungia mchezo kwa ngoma na ngano zao wenyewe, kisha wakajadiliana. Mwaka 1996 mradi wa Tuseme ukawapa wasichana wa shule za sekondari jukwaa la namna hiyo. Mbali huko, Augusto Boal wa Brazili alikuwa amekwisha kumwita mtazamaji apande jukwaani aubadilishe mwisho.

Kule Nshamba, Muleba, shirika la Humuliza, jina lenye maana ya kufariji kwa Kihaya, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kushughulikia huzuni ya yatima, wala si daftari na sare tu. Humo ndimo vijana walimounda umoja wao, Vijana Simama Imara.

Si kila mchezo juu ya UKIMWI ulistahili jina hilo. Mingi ilikuwa hotuba iliyovikwa kanga. Mtoto alikariri maonyo, wageni wakapiga makofi, gari likaondoka. Na ngano yenyewe ina upungufu ambao wapenzi wake hawapendi kuukiri: mwitikio humpa mtambaji idhini, lakini haumpi mtoto haki ya kumkatiza. Mchezo wa majibizano humpa haki hiyo. Yatima mmoja anaigiza ami aliyekuja kukitwaa kibanja cha marehemu. Mwenzake anapaza sauti mchezo usimame, anashika nafasi ya bibi, analijibu upya lile neno ambalo bibi alilinyamazia. Na pengine ami mwenyewe ameketi safu ya mbele.