Mchujo, Mafunzo na Kufuzu: Istilahi za Kikosi Maalumu cha Wanamaji

Kikosi cha SEAL cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, kilichoundwa Januari 1962, kina jina la kifupisho linalotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya bahari, anga na nchi kavu, yaani mazingira matatu ambamo askari wake hutakiwa kupigana. Jina hilo hufanana na la mnyama aitwaye sili, lakini kulitafsiri hivyo ni kupotea kabisa. Na “makomando wa majini”, tafsiri iliyozoeleka zaidi, huwaacha askari hao baharini tu. “Kikosi maalumu cha wanamaji” ni istilahi bora, kwa sababu hutaja jeshi lenye kikosi bila kufunga mahali pa vita.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno “mafunzo”. Kozi ya msingi ya majuma 24, inayofanyika Coronado, California, ina awamu tatu: ya kwanza hupima mwili na nia, ya pili hufundisha kupiga mbizi, na ya tatu hufundisha silaha, baruti na vita vya nchi kavu. Katika awamu ya kwanza kuna Wiki ya Jehanamu, siku tano na nusu ambazo wanafunzi hulala saa zisizozidi nne kwa jumla, wakibeba mashua za mpira vichwani na kukaa wameshikana mikono katika mawimbi baridi ya Pasifiki. Stadi mpya zinazofundishwa humo ni chache mno, kwa kuwa shabaha ni kumtambua atakayeendelea na kazi pamoja na wenzake hata akiwa amechoka kupita kiasi. Haja hiyo ilizaliwa vitani: mwaka 1943 huko Fort Pierce, Florida, afisa wa wanamaji Draper Kauffman alihitaji kuwapata kwa haraka watu wa kulipua vizuizi vya fukweni, na baadhi ya waliopita mikononi mwake walitua ufuko wa Omaha, Normandy, tarehe 6 Juni 1944.

Kazi ya namna hii Kiswahili huiita “mchujo”, neno ambalo msomaji amelizoea katika usaili wa ajira na katika mashindano. Hata hivyo, anayechuja tui hubakiwa na chicha, ilhali mwanafunzi anayejitoa kwa kugonga kengele mara tatu na kuweka kofia yake chini si makapi. Wengi wao huendelea kulitumikia jeshi katika kazi nyingine, na mfasiri asiwaite “walioshindwa” pale “waliojitoa” inapofaa na ndiyo kweli.

Kiswahili hutofautisha pia kuhitimu na kufuzu, tofauti inayofaa sana hapa. Aliyemaliza majuma 24 amehitimu kozi ya msingi, lakini hajafuzu: humngoja mafunzo mengine ya majuma 26 au karibu na hapo, ambamo hujifunza kuruka kwa mwavuli, kulenga shabaha, mawasiliano na mbinu za vikosi vidogo, na baada ya hayo tu ndipo huvishwa beji yenye tai, nanga, bastola na mkuki wa ncha tatu.