Maji ya 1905

Wadau, ukimwona fundi wa Songea akiipasua tokikonveta ya gari otomatiki, abadilishe sili na beringi kisha aichomelee upya, usidhani ni utaalamu wa Wajapani. Ni wa 1905. Mwaka huo Hermann Föttinger, injinia wa meli kule Stettin, Ujerumani, aliomba hataza yake: feni moja inarusha maji, ya pili inazungushwa nayo. Kwenye gari maji yakawa oili.

Mwaka huohuo Wangoni, hadi huku Mpitimbi, waliingia vita ya Maji Maji. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wao Songea.

Shuleni nilifundishwa maji ya Kinjikitile tu, kama ushirikina. Maji ya Föttinger sikuyasikia. Tungejifunza yote mawili, tungeuliza: kwa nini wao walikuwa na karakana, sisi tukawa na kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa?