Pisini Molitor ya Paris: kuta zilirudi, lakini wakaaji je?

Pisini Molitor ni bwawa la kuogelea la zamani katika muji wa Paris, inchi ya Ufaransa. Iko upande wa mangaribi wa muji, karibu na uwanja wa mpira wa Parc des Princes na uwanja wa tenisi wa Roland-Garros. Ilifunguliwa mwaka wa 1929 kwenye kiwanja cha muji. Siku zile, mutu yeyote aliyelipa tikiti aliingia na kuogelea.

Jengo sawa meli

Arkitekti wake ni Lucien Pollet, aliyechora pia pisini ya Pontoise, palepale Paris. Molitor ilikuwa na mabwawa mawili. Moja lilikuwa ndani, chini ya paa la vioo, lenye urefu wa metre 33, kwa ajili ya wakati wa baridi. La pili, refu zaidi, lilikuwa inje, chini ya jua. Wakati wa baridi, hilo la inje liligeuzwa kuwa uwanja wa barafu na watu wakateleza juu yake.

Kuzunguka maji palikuwa baraza za etaji, na juu yake kabini za kubadilishia nguo, zenye milango ya rangi ya bulu. Ukisimama pale unaona sawa uko juu ya meli kubwa. Vioo vya rangi vilitengenezwa na fundi Louis Barillet. Aina hiyo ya ujenzi inaitwa Art déco, na wakaaji wa Bukavu wanaijua kwa macho: nyumba nyingi za zamani za muji wao, zenye kona za mviringo na mabalkoni marefu, ni za aina hiyo hiyo.

Watu waliopita pale

Ufunguzi ulihuzuriwa na Johnny Weissmuller, mwogeleaji wa Marekani mwenye medali 5 za zahabu za Olimpiki. Nyuma yake, alijulikana dunia yote kwa kucheza Tarzan kwenye sinema. Tarehe 5 mwezi wa saba 1946, pale Molitor, fundi Louis Réard alionyesha nguo ya kuogelea ya vipande viwili aliyoiita bikini. Jina alilitoa kwa kisiwa cha Bikini, mahali Marekani ilikuwa imejaribu bomu ya atomiki siku chache tu mbele.

Kufungwa na kubomolewa

Kidogo kidogo jengo likachakaa. Mwaka wa 1989 milango ikafungwa, na mpango wa kulibomoa ukaanza kusemwa. Watu wa kartie na wapenda majengo ya zamani wakakataa. Mwaka wa 1990 serikali ikaandika Molitor kwenye orodha ya majengo ya historia. Lakini makuta ya kutengeneza hayakupatikana. Kwa miaka zaidi ya 20 bwawa lilibaki bila maji, vijana wakaingia kwa siri na kujaza kuta na michoro ya rangi.

Mwaka wa 2008 muji ulipatia kampuni za binafsi kontra ya miaka 54. Sehemu kubwa ya jengo ilibomolewa, kiisha ikajengwa upya kwa kufwata sura ya zamani. Kuta za inje zilirudishiwa rangi yake ya kwanza, ya manjano. Vioo vya Barillet vilitengenezwa.

Nani anaingia leo?

Molitor ilifunguliwa tena mwezi wa tano 2014, lakini kama hoteli ya vyumba 124 na klabu ya wanamemba. Wakati ule, kuwa memba kulipita euro 3 000 kwa mwaka. Wanafunzi wa masomo walipewa saa zao kwenye bwawa la ndani, lakini mukaaji wa kawaida hapati tena tikiti ya bei ndogo mlangoni.

Sheria ya urithi inalinda kuta, vioo na rangi. Hailindi bei ya kuingia. Molitor inaonyesha kwamba jengo linaweza kuokolewa, na watu wake wakabaki inje. Ndiyo maana, mahali popote nyumba ya zamani ya wote inapotafutiwa mwekezaji, swali la nani ataingia na kwa bei gani linapaswa kuandikwa ndani ya kontra mbele ya kusaini, hapana nyuma.