Usukani wa kuume ulitoka wapi? Historia fupi ya motokari za okazi mu Lubumbashi



Tangu wengi wetu tumeanza kushika mshahara wa kwanza, kuko swali moja linarudi kila wiki: "Ninunue motokari gani, na kwa nani?" Watu wanajibu kwa kutaja marki na bei. Leo nataka kujibu kwa historia. Motokari ya okazi unayoikuta imesimama kando ya barabara, ikuwe mu katikati ya mji ao huku Kasungami mu komine Annexe, haikuanguka toka mbinguni. Kuko njia iliyoileta, na kila pahali pa ile njia kuko mutu aliyejua ukweli fulani juu yake. Ukiijua ile njia, unajua pia ni wapi ukweli unapotea.

1. Wakati wa kampuni

Elisabethville ilianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kusini, toka upande wa Rhodesia, ilifika hapa. Mali ya Ulaya ilipita mu bandari za mbali: Cape Town, Beira, na kisha Lobito, wakati reli ya Benguela iliungana na ya Katanga mwaka 1931. Motokari ilikuwa kitu cha wazungu, cha misioni, cha serikali na cha Union Minière. Mfanyakazi mweusi aliyefanikiwa, yeye alikuwa na kinga.

Wabelgiji walituachia kanuni ya kupita kuume. Waingereza, ngambo ya mpaka, walipita kushoto. Kati ya nchi 9 zinazotuzunguka, ni 3 tu zinapita kushoto mpaka leo: Zambia, Tanzania na Uganda. Bahati ao mkosi wa Lubumbashi ni kwamba mlango wake mkubwa unafunguka upande wa hizo.

Mwaka 1967 Union Minière ikawa mali ya serikali, na nyuma yake tukapata Gécamines. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa wananchi. Wengi wa wale waliopewa waliuza stoki wakashindwa kuirudisha. Kwa mwenye motokari, maana yake ilikuwa moja: piesi zimepotea. Hapo njo fundi wa Lubumbashi alijifunza kazi yake ya ajabu, ya kutengeneza kitu bila kifaa chake. Tunamusifu, na ana haki ya kusifiwa. Lakini tukumbuke kama mutu anayejua kufanya motokari iliyokufa itembee anajua pia kuifanya itembee siku moja tu, siku ya kuuza.

2. Njia iliyojengwa kwa ajili ya Zambia

Tarehe 11 Novemba 1965, wazungu wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa imetegemea njia ya kusini kwa petroli na kwa shaba yake, ikabaki imebanwa. Ikageuza uso upande wa Dar es Salaam. Barabara ya Tanzania na Zambia ikatengenezwa ikatiwa lami, na Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilometre 1.860, toka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Ikaanza kazi kamili mwaka 1976.

Wakati ule hakuna mutu aliyewaza juu ya motokari za Lubumbashi. Lakini njia ikiisha kufunguka, haiulizi nani anapita. Kule kwetu mambo yalianza kuharibika: mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, mwaka 1991 wanajeshi na raia wakapora miji, na Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ikashuka mpaka chini kabisa. Biashara za zamani zilizoleta motokari mpya, zenye garaji na fundi aliyejulikana, zikapunguka. Mahitaji yakabaki. Njo ile barabara ya Zambia ikawa yetu: Dar, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, Kasumbalesa.

3. Kwa nini Japani?

Japani inapita kushoto, kwa hiyo usukani wa motokari zake uko kuume. Sheria yao ni kali: motokari mpya ya mtu binafsi inapimwa kisha miaka 3, halafu kila miaka 2, na kile kipimo kina bei. Mutu wa kule anaona afazali kuuza, na motokari ikiwa ingali nzuri. Inaenda ku mnada, inapewa noti, na inapanda meli. Nyingine zinapita kwanza Dubai, kwenye soko la Ducamz lililofunguliwa mwaka 2000. Toyota IST tunayoiona kila pahali, ya kizazi cha kwanza, ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Hesabu mwenyewe umri wake leo.

Biashara hii si ya kwetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu kama kati ya 2015 na 2018, motokari ndogo za okazi milioni 14 zilitoka Ulaya, Marekani na Japani kuenda mu nchi nyingine, na sehemu kubwa ilikuja Afrika.

Pale Dar, motokari inayopita tu kuenda nchi nyingine inapewa namba ya IT. Watanzania wanajua sana "madereva wa IT": wanakimbia usiku, na wengine wanabeba abiria na mizigo kwa kujificha. Kwa hiyo "haijatembea Afrika" ni maneno ya kuchunga. Kama haikupakiwa juu ya lori, imetembea karibu kilometre 2.000 mbele ya kukufikia, na haukujua ilibeba nini.

Kisha inafika kwetu, pahali tunapita kuume. Dereva aliyekaa kuume hawezi kuona mbele wakati anataka kupita lori. Mlango wa basi ndogo ya Japani unafunguka kushoto, ni kusema katikati ya barabara, pale motokari zingine zinapita. Mataa yake yanaelekea kushoto, yanapiga mu macho ya anayekuja. Serikali imekataza mara nyingi usukani wa kuume, na garaji zikajibu kwa kuuhamisha. Kuhamisha usukani si kuhamisha kiti. Ni kukata chuma, kusogeza breki, kurefusha nyaya, na mara nyingi kupoteza mfuko wa hewa unaolinda dereva.

4. Pesa za wazee

Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliondoka mu mpango wa "départ volontaire" ulioungwa mukono na Banki ya Dunia. Baba mwenye miaka 25 ao 30 ya kazi alipokea pesa mara moja, na kampuni haikumupa tena unga, hospitali wala masomo ya watoto. Kuko walionunua motokari ili ifanye teksi. Teksi nzuri ililisha nyumba. Teksi mbaya ilimeza pesa za maisha yote ndani ya miezi, piesi moja moja.

Si kwamba wale wazee hawakuwa na akili. Mu maisha yao yote, kampuni njo ilijua mashini kwa niaba yao: ilikuwa na garaji, na kitabu cha matengenezo. Waliingia mu soko ambamo hakuna tena mutu anayeshika kile kitabu. Komisionere anakuambia, "Patro, hii motokari haina na mambo, imetoka mu bato juzi tu." Pengine hadanganyi, pengine na yeye aliambiwa vile. Yeye ni mutu wa tano mu mnyororo, na anapata sehemu yake motokari ikiuzwa, si ikitembea.

Sisi wa agronomia tunajua: mbegu bila etiketi ni chakula tu. Unaweza kuipanda, lakini hakuna anayekujibu ikikataa kuota. Motokari njo vile.

5. Kusoma motokari kama arshivi

Mwanahistoria haulizi shahidi mmoja. Analinganisha. Fanya vile vile.

Anza na namba ya shasi. Ile ya kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi lazima zilingane, herufi kwa herufi. Usishangae kama motokari ya soko la Japani haina namba ya herufi 17. Yao ni fupi, inaanza na kodi ya modeli, kwa mfano NCP61. Shangaa kama chuma kimekwanguliwa.

Omba karatasi ya Japani ya kufuta usajili. Inaonyesha kilometre zilizoandikwa wakati wa kipimo cha mwisho kule Japani. Kama karatasi inasema 98.000 na dashibodi inasema 74.000, maongezi yameisha. Kama kuko karatasi ya mnada, noti R ao RA ni kusema motokari iligonga ikatengenezwa. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho: mara nyingi kuko etiketi yenye tarehe. Mkanda mmoja mpya kati ya mizee unaomba maelezo. Kwenye tairi kuko tarakimu 4: juma na mwaka wa kutengenezwa.

Kama usukani uko kushoto, angalia vifuta-mvua. Vikifagia kwa upande wa dereva wa kuume, usukani ulihamishwa, hata kama muuzaji anaapa.

Kwa duane, omba karatasi zote za DGDA, kisha karte roze na jina la mwenyewe. Motokari "ya kumalizia dosie kidogo tu" ni deni la mutu mwingine ulilonunua. Fika asubuhi, moteri ikiwa baridi; moteri iliyopashwa moto mbele yako kufika imefichwa sauti yake. Leta fundi wako, umulipe wewe, kiasi kile kile akisema "nunua" ao "acha". Asiyekuruhusu kuleta fundi anakuuzia mbuzi mu gunia.

Na andika. Watu wengi hawajui kama sheria ya mapatano tunayotumia ni dekre ya 30 Julai 1888, ya wakati wa Léopold II. Ndani yake, muuzaji anajibu kwa kasoro iliyojificha, yaani ile inayofanya kitu kisitumike na ambayo haungeweza kuiona. Lakini inataka ushitaki upesi, na inataka uonyeshe ulinunua kwa nani, nini, siku gani. Mukono wa muuzaji mbele ya mashahidi, kopi ya kitambulisho chake, namba ya shasi, bei kamili: karatasi moja. Komisionere akikataa kuita mwenye motokari, haujakutana bado na muuzaji.

Mwisho, chunga kitu kile wazee walipoteza wakati kampuni ilianguka: kitabu. Nunua kaye ya kawaida, andika kila mafuta uliyobadilisha, kila piesi, tarehe na kilometre, na jina la fundi. Mu barabara zetu za udongo, wakati wa mvua, utaandika mingi. Siku utauza, mpe mnunuzi ile kaye pamoja na funguo, na pale motokari ilikusumbua, mwambie. Pengine utapoteza kidogo ku bei. Lakini ile motokari itatoka kwako na kitu ambacho haikufika nacho toka Dar.