Watu Tusiowajua Majina Waliofanya Wi-Fi Ikubali Kwenye Laptopu Zetu

Humu tumezoea mastaa wenye majina. Leo nawaletea watu ambao hakuna anayewapiga picha, ila bila wao laptopu yako ya mtumba ingebaki mashine ya kuangalizia muvi tu.

Chukulia kijana yuko Kwakoa, huku Upareni. Kapata Dell au HP used. Windows iliyomo nzito, anaambiwa aweke Linux, maana ni ya bure na nyepesi. Anaiweka, inawaka safi, picha ipo, sauti ipo. Wi-Fi sasa! Siyo kwamba inashika na kukata, haionekani kabisa. Akiuliza anaambiwa "pakua famwea kwenye intaneti". Intaneti ipi, wakati anahangaikia hiyo hiyo? Ukiwa Dar unapita ofisini kwa mshkaji, unachomeka waya wa mtandao, dakika tano umemaliza. Kwakoa huo waya unautoa wapi? Yaani ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Nani aliufungia humo? Hapo ndipo stori inapoanzia.

Draiva na famwea, kwa lugha ya mtaani

Draiva ni programu inayokaa kwenye kompyuta na kuongea na kadi ya Wi-Fi. Famwea ni programu nyingine, yenyewe inafanya kazi ndani ya kadi, kwa sababu kadi nayo ina kakompyuta kake. Zamani kadi nyingi zilikuja na famwea imehifadhiwa humo humo. Watengenezaji wakaona kumbukumbu hiyo ni gharama, wakaiondoa. Tangu hapo kila ukiwasha mashine, kadi inaamka kichwa kitupu, inasubiri kompyuta iilishe. Isipolishwa, imekufa.

Miaka ya siri

Jina Wi-Fi lilianza kutumika 1999. Mwaka 2003 Intel wakatoa Centrino, na Wi-Fi ndani ya laptopu ikaanza kuwa jambo la kawaida. Laptopu kibao zilibeba chipu za Broadcom. Windows ilipewa draiva. Watu wa Linux hawakupewa draiva, wala maelezo ya chipu inavyofanya kazi. Hoja zilizokuwa zikitolewa kwenye biashara hiyo ni siri za kampuni, na sheria za masafa ya redio: eti watu wakipewa kila kitu watachezea mawimbi.

Oktoba 2004 Ubuntu ya kwanza ikatoka. Ilikuwa unaomba CD, unatumiwa kwa posta bure kabisa, hata ukiwa Afrika. Lakini famwea ya Broadcom haikuwemo kwenye CD hiyo.

Sasa ndio wanaingia wale wasiojulikana. Wa kwanza walikuja na ndiswrapper mwaka 2003: wakachukua draiva ya Windows na kuidanganya kwamba bado iko Windows, kumbe iko Linux. Ilifanya kazi, ila kwa mbinde.

Wengine wakaenda mbali zaidi, wakajigawa makundi mawili. Kundi moja lilifumua draiva ya Broadcom, likaandika kwa maneno tu chipu inataka nini. Kundi la pili halikugusa draiva hiyo, lilisoma maelezo na kuandika draiva mpya kuanzia sifuri, ili mtu asije akasema wameiba. Juni 2006 kazi yao ikaingia rasmi kwenye Linux, keneli 2.6.17.

Famwea je? Hiyo ilibaki mali ya Broadcom, na kuigawa bila ruhusa huwezi. Kwa hiyo wakatengeneza kijiprogramu cha kuikata famwea kutoka ndani ya draiva ya kampuni, kila mtu ajikatie yake. Akili kubwa! Lakini hiyo draiva ya kukata lazima uipakue kwanza. Umeona sasa? Shida ya kijana wa Kwakoa haikuletwa na ufundi kushindikana. Kilichokosekana ni ruhusa.

Wahunzi wa Ugweno

Huku Upareni siri za ufundi siyo habari mpya. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulikuwa wa wahunzi, na chuma cha Ugweno kilinunuliwa hadi Uchagani. Ufundi ulibaki ndani ya ukoo. Mnunuzi alipata jembe, siri hakupata. Sawa, kila fundi ana siri yake. Ila jembe ukishalinunua lilikuwa lako. Hukurudi kwa mhunzi kila asubuhi akuruhusu kulima.

Milango ikaanza kufunguka

Mwaka 2008 Atheros wakatoa wenyewe draiva ya wazi. Septemba 2010 Broadcom nao wakafuata, ila kwa chipu mpya tu. Zile za zamani, ndizo zilizojaa kwenye mitumba, zikaachwa kama zilivyo.

Debian, ambayo ndiyo mama wa Ubuntu, ilikuwa na msimamo wake: kisicho huru hakikai kwenye CD rasmi. Kimsingi walikuwa na haki, lakini aliyeumia ni asiye na waya. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka na famwea ndani ya flashi ya kusakinishia.

Na kwa aliyekwama leo: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti. Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya, utapakua famwea kwa bando kidogo tu. Kabla ya hapo andika lspci -nnk ujue chipu ni ya nani, usije ukamaliza bando kwa famwea isiyo yako.

Kwa hiyo siku ukiona vile vimistari vya Wi-Fi vimejaa, jua kuna watu walikesha miaka, wengine bila hata senti, wakitafuta ufunguo wa mlango ambao wewe uliulipia tayari.

Swali kwenu wadau: ukishanunua mashine kwa hela yako, kampuni ina haki ya kukuficha inavyofanya kazi? Dondosha maoni yako hapo chini.