Kutoka Hongo hadi Tozo: Historia ya Malipo ya Njia na Istilahi Zake

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyopatwa na msiba wa kushuka hadhi, neno *hongo* lina nafasi ya pekee. Leo mtumishi wa serikali akitajiwa neno hilo hushtuka, na ni haki yake kushtuka, kwa kuwa hongo ni jinai. Lakini katika karne ya kumi na tisa hongo ilikuwa malipo ya wazi, yaliyodaiwa mchana, mbele ya watu, na mtawala wa nchi ambayo msafara ulitaka kuipita. Makala haya yanakusudia kufuatilia safari ya neno hilo katika nchi za Uvinza, Uha na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kisha kuonyesha jinsi historia hiyo inavyotuhusu sisi tunaotafuta istilahi za malipo ya njia ya siku hizi, yaani malipo yanayokatwa kwa kifaa cha elektroniki kilichobandikwa ndani ya gari.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikavuka mto Malagarasi, ikaishia Ujiji. Richard Burton na John Speke waliifuata na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Burton alieleza kwa urefu habari za kuhonga. Alieleza pia habari za mwenye kivuko cha Malagarasi, ambaye hakuna msafara uliovuka bila kupatana naye. Yafaa ieleweke kwamba malipo hayo yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na malipo ya kuvushwa kwa mtumbwi, ambayo kwa lugha yetu ya leo ni nauli. Na kulikuwa na malipo ya ruhusa ya kuikanyaga nchi ya mtu, ambayo ndiyo hongo yenyewe. Wasafiri wageni aghalabu waliyachanganya mambo haya mawili, wakalalamika kwamba wanalipishwa mara mbili kwa jambo moja.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Henry Morton Stanley alipita njia hiyo akimtafuta David Livingstone. Katika Uha alikutana na mtawala aliyemwita Mionvu, akadaiwa doti mia moja za nguo. Baada ya majadiliano marefu alilipa doti 75. Doti moja ilikuwa yadi nne, kwa hiyo malipo hayo ya kituo kimoja yalifikia yadi 300 za kitambaa. Alipokwenda mbele alidaiwa tena, akaambiwa kwamba wako watawala wengine njiani wanaomngojea. Hapo akaamua kuondoka usiku, akapita porini kwa siri hadi akatoka Uha. Kwa hesabu yake mwenyewe aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Baadaye mwezi huo huo yeye na Livingstone walipanda mtumbwi wakaambaa na mwambao kuelekea kaskazini, wakapita ufuko ambako leo pana hifadhi ya Gombe na kijiji cha Mwamgongo, hadi mlango wa mto Rusizi. Walithibitisha huko kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki.

Tukiyatazama maelezo ya wasafiri hao kwa jicho la mfasiri, tunaona jambo kubwa. Burton alilifasiri neno hongo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kumnyang'anya mtu mali kwa kumtisha. Katika kitabu cha Stanley neno hilo limeelezwa pia kuwa ni kodi ya heshima kwa mfalme. Tafsiri hizi mbili haziwezi kuwa sawa kwa pamoja. Ya kwanza inamfanya mtawala wa Uha kuwa mnyang'anyi. Ya pili inamfanya kuwa mwenye mamlaka. Mtawala huyo mwenyewe, lau angeulizwa, bila shaka angesema kwamba nchi ni yake, maji ni yake, amani ya njia anailinda yeye, na mgeni hapiti nyumbani kwa mtu pasipo kubisha hodi. Hatusemi kwamba malipo yale hayakuwa mazito, wala kwamba hapakuwa na watawala waliopandisha kiwango kila walipoona mgeni ana mizigo mingi. Tunasema tu kwamba neno moja likifasiriwa kwa namna mbili, mamlaka ya watu huweza kukubaliwa au kufutwa kwa kalamu ya mfasiri.

Kilichofuata kinajulikana. Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na mwaka 1914 reli ya kati ikafika Kigoma. Serikali ya kikoloni haikukubali watawala wa jadi wawatoze wasafiri, na abiria wa gari moshi hakuwa na haja ya kubisha hodi kwa mtu yeyote. Basi kitu kilichoitwa hongo kikatoweka, lakini neno likabaki. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, bado ilitaja malipo ya njia katika maana za neno hilo. Neno lililopoteza kitu chake hutafuta kitu kingine cha kukitaja, na hongo likapata makazi mapya kando ya *rushwa*, neno lenye asili ya Kiarabu. Badiliko hilo halikuwa la ajabu. Malipo ya kupita, yanapotolewa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuyadai, ndiyo rushwa yenyewe.

Sasa malipo ya njia yamerudi katika Afrika Mashariki kwa sura nyingine. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwezi wa Aprili 2016, na magari yakaanza kulipia kuvuka. Uganda ilianza kutoza katika barabara ya Kampala hadi Entebbe mwezi wa Januari 2022. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ikafunguliwa kwa majaribio barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo dereva huweza kuilipia kwa kifaa cha elektroniki. Ufundi huu ulianza kutumika huko Norway katika miaka ya 1980, na Dallas, Marekani, mwaka 1989. Kifaa huitwa kwa mawimbi ya redio kutoka langoni, nacho huitika kwa kutaja namba yake; mtambo hukata fedha katika akaunti ya mwenye gari, na gari hupita.

Hapa ndipo tofauti kubwa na hongo ya zamani inapojitokeza. Msafara ulilipa ukapita, na mambo yakaisha. Mwenye kifaa cha leo hulipa kabla ya kupita. Fedha yake hukaa mikononi mwa mwenye barabara, na kifaa cha mwenye barabara hukaa mikononi mwake. Kila upande unashika mali ya mwenziwe. Kwa hiyo siku mtu anapouza gari, anapohama, au anapoacha kuitumia njia hiyo, hana budi kurudisha kifaa na kufunga akaunti. Na istilahi za jambo hilo zisipokuwa wazi, mwananchi hupata hasara. Ikiwa tangazo linasema akaunti "imesitishwa" ilhali maana yake ni kwamba imefungwa, au kinyume chake, yuko atakayedhani amemaliza deni kumbe kifaa chake kinaendelea kuitika katika gari la mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. *Tozo ya njia*. Baadhi ya watu wamependekeza ushuru, kodi au ada. Ushuru asili yake ni sehemu ya kumi, na umezoeleka kwa bidhaa zinazopita forodhani au sokoni. Kodi humfuata mtu kwa pato lake au mali yake. Ada hulipwa kwa huduma ambayo mtu ameiomba. Tozo limetokana na *kutoza*, nalo limekwisha kuzoeleka kwa wavukao daraja la Kigamboni. Neno lililokwisha kukubaliwa na watu halina sababu ya kuondolewa.

2. *Kiitikaji*. Ndicho kifaa kinachoitwa kikaitika. Tumeliepuka neno *kiitikio* kwa kuwa limekwisha kushikwa na washairi. Wahandisi watakaopenda kusema *transponda* hawatakatazwa, lakini tangazo la umma litumie neno ambalo msomaji anaweza kulifungua mwenyewe.

3. *Dhamana ya kifaa*. Ni fedha inayowekwa ili kifaa kisipotee. Isichanganywe na *salio*, ambalo ni fedha ya kulipia njia iliyobaki katika akaunti. Mtu huweza kuwa na dhamana kamili huku salio lake likiwa limekwisha, na tangazo linaloyaita yote mawili "amana" humnyima habari anayoihitaji.

4. *Kurejesha* na *kurejeshewa*. Mwenye akaunti hurejesha kiitikaji. Naye hurejeshewa dhamana na salio. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja unatosha kutaja haki ya pande zote mbili, wala hatuhitaji kukopa neno.

5. *Kusitisha, kufunga* na *kufuta*. Kusitisha akaunti ni kuizuia kwa muda. Kuifunga ni kuimaliza baada ya madeni kulipwa na fedha iliyobaki kurejeshwa. Kufuta ni kuondoa kumbukumbu zake. Mambo haya matatu yasitajwe kwa neno moja.

6. *Stakabadhi ya kufunga*. Ni hati inayothibitisha kwamba kifaa kimepokewa na akaunti imekwisha. Pasipo hati hiyo, mwananchi hana cha kuonyesha akidaiwa tena.

Huenda msomaji akauliza kama haifai kulifufua neno hongo, maadamu ndilo neno letu la kale la malipo ya njia. Jibu letu ni kwamba haifai. Sheria ya nchi inapambana na rushwa, na umma umekwisha kuamua hongo ni nini. Afisa anayeandika "lipa hongo hapa" atachekwa, au atakamatwa. Lakini katika vitabu vya historia neno hilo lisifasiriwe upya kuwa rushwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba watawala wa Uha walipokea hongo lazima aelezwe kwamba walipokea malipo ya njia, la sivyo atadhani babu zake walikuwa wala rushwa. Walimu wa historia na wafasiri wa vitabu vya wasafiri wanalo jukumu hapa: neno likiachwa kama lilivyo, liwekewe maelezo, likifasiriwa, liwe malipo ya njia.

Wako pia watakaosema kwamba istilahi hizi ni za watu wa mijini, na kwamba mkazi wa Mwamgongo, ambako wasafiri wengi hufika kwa boti kutoka Kigoma, hana haja nazo. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu wa Mwamgongo anaijua nauli ya boti, na anajua tofauti kati ya anayelipwa kwa kukubeba na anayelipwa kwa kukuruhusu upite. Tofauti hiyo ndiyo iliyowashinda wasafiri wa karne ya kumi na tisa. Istilahi ambayo yeye ataielewa mara moja, pasipo kuona hata siku moja lango la barabara ya kulipia, ndiyo istilahi iliyofaulu. Isipoeleweka kwake, basi haitaeleweka sawasawa kwa dereva wa Kigamboni pia. Ataizoea tu kwa kulipishwa.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wazipime istilahi hizi katika kazi zao, hasa *kiitikaji*, ambayo bado ni changa, na kutuletea maoni. Kwa *hongo*, tunawaomba wenye wazee wanaokumbuka masimulizi ya misafara ya Uvinza, Uha na Ujiji wayaandike sasa, pamoja na maneno ya Kiha na Kivinza yaliyotumika kwa malipo ya njia na ya kivuko. Burton na Stanley waliandika jinsi malipo hayo yalivyomuuma mlipaji. Jinsi mpokeaji alivyoyaita kwa lugha yake mwenyewe ni jambo ambalo lugha zetu bado zinaweza kutueleza.